King'amuzi cha antena kinakatakata picha, Moshono Arusha: ninunue busta kubwa zaidi?

mkazi_moshono

Wakuu habari za leo. Naomba msaada kwa wanaojua antena za ving'amuzi vya nchi kavu (siyo dishi).

Nyumba iko Moshono, paa la bati, kuna miti ya migrivea mirefu upande mmoja. Antena ni ya nje, ya vijiti 13 hivi, imefungwa kwenye bomba la GI kama mita 2 juu ya paa. Waya ni ule mwembamba mweusi uliokuja ndani ya boksi, nikaungia mwingine wa aina hiyohiyo, jumla kama mita 25 mpaka sebuleni. Nyuma ya TV kuna busta (kikuza mawimbi) ya kuchomeka ukutani, kisha spilita (kigawa waya) ya njia 2: mguu mmoja king'amuzi, mwingine unaenda chumbani kwenye TV yenye king'amuzi cha DVB-T2 ndani yake.

Hali yenyewe: kwenye menyu ya king'amuzi nguvu ya mawimbi inasoma 85 hadi 90, ila ubora unarukaruka kati ya 20 na 45. Chaneli kadhaa ni safi muda wote, nyingine zinagandaganda, vijisanduku vinatapakaa na sauti inakatika. Mvua ikinyesha zile mbovu zinapotea kabisa na hazirudi mpaka jua liwake vizuri. Halafu kuanzia saa 1 usiku hali inakuwa mbaya hata kama hakuna wingu.

Dukani wananishauri busta ya dB 36 (dB ni kipimo cha kukuza au kupoteza mawimbi). Nichukue, au kuna cha kuangalia kwanza?

---

fundi_kenchi

Usichukue, mkuu. Nguvu unayo tayari ya kutosha, unachokosa ni ubora, na hivyo viwili si kitu kimoja. Mstari wa nguvu unapima kila kinachoingia kwenye tundu la king'amuzi: matangazo, kelele, hata takataka za mnara wa simu. Ubora ndio unaoonyesha matangazo yamezidi kelele kwa kiasi gani. Busta inakuza vyote kwa pamoja, kisha inaongeza kelele yake yenyewe. Ndiyo maana mtu anaona nguvu 95 na skrini nyeusi.

Tatizo lako la kwanza ni mahali busta ilipo. Waya mwembamba wa aina ile (RG59 au chini ya hapo) unakula kama dB 3 kila mita 10 kwenye UHF (masafa ya TV za antena). Mita 25 ni dB 7 na kitu, bado kiungio cha katikati. Mawimbi yanafika nyuma ya TV yamechoka, ndipo unayakuza. Kilichopotea njiani hakirudi. Busta ndogo ya dB 15 hadi 20, yenye kelele ya dB 2 au 3, ikikaa juu kwenye bomba ndani ya mita 1 kutoka kwenye antena, inakupa zaidi ya hiyo ya dB 36 sebuleni. Ile ya juu inapelekewa umeme kupitia waya huohuo wa antena kwa kisanduku kidogo kinachokaa ndani. Kisanduku hicho lazima kiwe KABLA ya spilita ukitokea kwenye antena, kwa sababu spilita nyingi hazipitishi umeme, na nyingine zinaupiga shoti.

Ila hata hiyo usiinunue leo. Fanya hivi kwanza:

Toa busta, toa spilita, chomeka waya wa antena moja kwa moja kwenye king'amuzi. Fungua ukurasa wa kutafuta chaneli kwa mkono (usibonyeze kutafuta zote, ukifanya hivyo mawimbi yakiwa mabovu orodha yako itafutika). Andika MHz (masafa) ya kila kundi la chaneli na ubora wake. Chaneli zilizoko kwenye MHz moja hufa pamoja na kupona pamoja, kwa hiyo usihesabu chaneli, hesabu makundi. Ukipewa namba ya chaneli ya UHF badala ya MHz, zidisha namba hiyo kwa 8 ujumlishe 306. Chaneli 21 ni 474, chaneli 48 ni 690.

Ubora ukipanda baada ya kutoa busta, jua ilikuwa imezidiwa. Kwa antena inayouona mnara wa karibu hilo ni la kawaida kabisa.

---

koaksi75

Niongezee kuhusu mvua, maana hapo watu wengi wanapotea.

Mvua yenyewe haiui mawimbi ya UHF. Kwenye MHz 600 urefu wa wimbi ni nusu mita, tone la mvua ni milimita chache, halilifanyi kitu. Dishi ndilo linalosumbuliwa na mvua, kwa sababu liko kwenye GHz 11 au 12 ambako wimbi ni kama sentimita 2 na nusu. Kwa hiyo antena ya nchi kavu ikikata wakati wa mvua, tafuta maji yalipoingia. Na wewe umeshajibu swali lako: chaneli hazirudi mvua ikikatika, zinarudi jua likiwaka. Hayo ni maji yanayokauka.

Pa kutazama ni patatu. Kisanduku cha plastiki cha maungio kwenye antena, kile kiungio ulichounga waya na waya, na ganda la waya pale unapokunja kwenye ukingo wa bati. Ganda la waya wa bei rahisi likikaa kwenye jua la huku linapasuka nyufa ndogo, maji yanaingia na kusafiri ndani ya wavu (nyuzi zinazozunguka waya wa katikati) mita kadhaa kama utambi. Ukimenya ukakuta foili imekuwa unga mweupe au nyuzi za shaba zimekuwa kijani, hakuna cha kusafisha hapo. Tupa waya wote.

Weka waya wa RG6 wenye foili na wavu, ohm 75, kipande kimoja bila kiungio. Kwa mita 25 itakula dB 4 hadi 5. Konekta ya F ifungwe hivi: menya ganda la nje mm 12, rudisha nyuzi za wavu nyuma juu ya ganda (foili ibaki imelala kwenye plastiki nyeupe), menya plastiki nyeupe mm 6, sukuma au zungusha konekta mpaka plastiki nyeupe ilingane na sakafu ya konekta kwa ndani. Waya wa katikati uchomoze mm 2 hadi 3 kupita mdomo. Unywele mmoja wa wavu ukigusa waya wa katikati ni shoti, na ukiwa na busta ya juu ndiyo imekufa bila wewe kujua sababu.

Nje funga tepu ya mpira ile inayoshikana yenyewe, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike wa chini kama vigae vya paa. Tepu ya umeme ya kawaida ikipigwa jua inaachia gundi. Silikoni ya madirishani yenye harufu ya siki usiipake kwenye chuma, asidi yake inakula. Kabla waya haujaingia ukutani uache ushuke kama herufi U, maji yadondokee hapo yasifuate waya mpaka ndani.

Ukiwa na maltimita: chomoa waya pande zote mbili, pima kati ya waya wa katikati na wavu. Isome wazi kabisa. Ikisoma chochote, hata kilo-ohm, kuna unyevu au shoti. Usipime waya ukiwa bado umeshikwa na antena, kwa sababu antena nyingi za aina hiyo zinasoma shoti kwa maltimita na ndivyo zilivyoundwa.

---

taa_na_volti

Mvua mmeshaimaliza. La saa 1 usiku ni kitu kingine, wala halihusiani na maji.

Saa hizo taa zinawashwa. Taa za LED za bei chee na chaja zisizo na chujio ndani zinatoa kelele ya redio inayofika mpaka UHF, na waya wenye wavu mwembamba unaidaka kama antena ya pili. Kupima ni rahisi. Usiku, ubora ukiwa mbovu, mtu mmoja atazame ukurasa wa mawimbi, mwingine azime swichi za taa moja moja, kisha achomoe chaja. Anza na taa za nje chini ya kenchi, ndizo zinazokuwa karibu na waya. Ubora ukiruka ghafla umempata mchawi. Badilisha taa hiyo, au hamisha waya wa antena ukae angalau sentimita 30 mbali na nyaya za umeme, na pale lazima zikutane, zikatane kwa pembe mraba.

Jambo la pili ni umeme kushuka jioni. Busta nyingi za kuchomeka zina transfoma ndogo isiyo na kidhibiti, volti za ukutani zikishuka na za busta zinashuka, inaanza kukuza kwa kupotosha. Ukiichomeka kwenye stebilaiza ya TV na hali ikatulia, jibu unalo.

Usisahau pia kwenye menyu ya king'amuzi kuna sehemu ya kupeleka volti 5 kwenye antena. Kama antena yako haina busta ndani, izime. Kama ina busta ya volti 5 na umeizima, basi antena iko juu inakuziba badala ya kukusaidia.

---

kibosho_juu

Wote mko sahihi ila hakuna aliyegusa migrivea. Huku Kibosho na Uru tunaishi ndani ya migomba na miti, na majani mabichi kwenye UHF ni ukuta. Yakilowa ni ukuta mnene zaidi, kwa hiyo dalili ya "mvua ikinyesha" inaweza kutoka kwenye miti pia. Namna ya kutofautisha: maji ndani ya waya yanachelewa kukauka, majani yanarudi kawaida mara upepo ukiyakung'uta. Na siku ya upepo mkavu ubora ukiyumba wakati matawi yanayumba, ni miti.

Usikimbilie bomba refu. Wakati mwingine kusogeza antena mita 2 au 3 pembeni ya paa, ipite kwenye uwazi kati ya shina na shina, kunazidi kupanda mita 3 juu. Huku kwenye miteremko mawimbi yanayogonga kilima na kurudi yanatengeneza madoa: hapa yapo, hatua moja pembeni hayapo. Antena ikae angalau mita 1 juu ya bati, maana bati lenyewe linarudisha mawimbi na kuyafuta. Kuiweka darini chini ya bati ndiyo usijaribu.

Mwelekeo: upande wenye vijiti vifupi ndio unaotazama mnara, wavu wa antena au kijiti kirefu kinabaki nyuma. Tazama pia vijiti vimelala au vimesimama. Mnara ukirusha kwa kulala nawe umesimamisha, unaweza kupoteza dB 15 na zaidi hata kama umeelekeza sawasawa. Chungulia antena za majirani wanaopata picha safi, si za kila jirani, nyingine ziko juu tangu enzi za analojia, kabla mitambo ile haijazimwa 2013, na hazijaunganishwa popote.

Zungusha digrii 5 kisha subiri sekunde 10, kwa sababu mstari wa ubora unachelewa. Anayezungusha bila kusubiri anapitiliza pazuri kila mara.

---

mkazi_moshono

Asanteni sana wakuu. Matokeo: kile kiungio cha katikati foili ilikuwa unga mweupe kabisa kama alivyosema koaksi75. Nimeweka RG6 kipande kimoja, busta nimeitoa, spilita pia. Taa mbili za barazani zilikuwa zinashusha ubora, nimezibadilisha. Sasa makundi yote yanasoma ubora 70 kwenda juu isipokuwa moja, lile la MHz kubwa kuliko yote, linakaa 38 muda wote, mvua au jua.

Maswali mawili. Hilo moja nifanyeje? Na chumbani narudishaje bila kuharibu?

---

fundi_kenchi

Vizuri. Kundi moja likikaa chini bila kuyumba, mengine yakiwa mazuri, mara nyingi linatoka mnara mwingine au mnara huo una mpangilio mwingine wa kulala na kusimama. Kaa kwenye MHz hiyo peke yake uzungushe antena taratibu. Kilele kikiwa digrii 15 tu pembeni, gawanya katikati: makundi ya 70 yatashuka kidogo na hutaona tofauti kwenye picha, kwa sababu dijitali ikishavuka kizingiti picha ni ileile. Kilele kikiwa upande mwingine kabisa, hiyo ni antena ya pili yenye waya wake na swichi ya kuchagua. Usiziunganishe mbili kwa spilita iliyogeuzwa, zitavurugana.

Kabla ya hapo angalia kama kuna mnara wa 4G karibu. MHz za juu za TV zinapakana na masafa ya simu ya 700 na 800, na antena nyingi za zamani zimetengenezwa kudaka mpaka 862. Chujio la 4G ni kidude kidogo cha kufunga kwenye waya. Kikiwepo na busta, chujio linakaa kabla ya busta, siyo baada.

Chumbani: spilita ya njia 2 inakata kama dB 4 kila mguu. Ukiwa na 70 jaribu bila busta kwanza, huenda inatosha. Isipotosha, ndipo ile ndogo ya juu kwenye bomba.

---

koaksi75

Na kwa kuwa utapanda tena juu: bomba la GI lifungiwe waya wa shaba wa mm² 16 mpaka kwenye fimbo ya ardhini, nje ya nyumba, bila kuupitisha darini. Hautazuia radi ya moja kwa moja, kwa hiyo ngurumo zikianza chomoa waya wa antena kwenye king'amuzi na kwenye ile TV ya chumbani pia. Watu wanachomoa plagi ya ukutani wanasahau ule wa antena.