Wauzaji wa visu vya porini Nairobi, tuambieni chuma kinaishia wapi ndani ya mpini

Ndugu wanajukwaa,

Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Mtu wa kipato cha kawaida jijini Nairobi anayetafuta kisu kimoja imara kisichokunjwa, cha kwenda nacho kambini, cha kupasulia kuni, kukatia kamba na kuchunia mbuzi ikibidi, anauziwa picha tu. Anauziwa rangi nyeusi, meno ya msumeno mgongoni, dira ndogo kwenye kitako cha mpini na jina la kutisha, huku jambo linaloamua kama kisu kitadumu au kitavunjika likifichwa makusudi. Jambo hilo ni msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini: una upana gani, na unaishia wapi?

Kisu nilichouziwa na duka moja la mtandaoni la hapa jijini kilikuwa cha shilingi 2,800, na nililazimika kulipa kwa M-Pesa kabla ya kuletewa kwa sababu muuzaji alikataa malipo baada ya mzigo kufika. Tangazo lilisema waziwazi kwamba chuma ni kipande kimoja tangu nchani hadi kwenye kitako. Siku kilipovunjika hakikuwa kikifanya kazi ya ajabu. Nilikuwa nimekiweka juu ya ukuni mkavu usiozidi unene wa kifundo cha mkono, nikawa nagonga mgongo wake kwa kipande cha mti, kazi ambayo kila kisu kinachotangazwa kuwa cha porini kinapaswa kuiweza. Mpini ulibaki mkononi mwangu, chuma kikaruka na kutua karibu na mguu wa mdogo wangu. Nilipoupasua ule mpini wa plastiki nilikuta kijiti chembamba kama msumari wa inchi nne, kimeunganishwa na ubapa kwa weldingi iliyoshika upande mmoja tu, na nafasi yote iliyobaki imejazwa gundi ya manjano. Ribiti tatu zilizoonekana kwa nje hazikupita kwenye chuma chochote. Vilikuwa vichwa vitupu vilivyobandikwa juu ya plastiki. Kiwanda kinaweza kukosea katika weldingi, lakini hakuna anayebandika ribiti za bandia kwa bahati mbaya. Ribiti hizo ziliwekwa ili mnunuzi aamini kwamba chuma kimepita humo.

Nilipompelekea muuzaji picha za vipande hivyo, alijibu kwamba nilikitumia vibaya, kisha akaninyamazia kabisa. Naomba wauzaji wote wanaosoma hapa wakumbuke kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji kuhusu anachokinunua, na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara au jeraha kutokana na kasoro ya bidhaa. Sheria ya Kulinda Wateja imekuwapo tangu 2012. Kabla yake ilikuwapo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Shilingi 2,800 si fedha nyingi kwa tajiri, lakini haki hizo hazikuandikwa kwa ajili ya wanunuzi wa vitu vya bei ghali peke yao.

Uongo wa pili unahusu chuma chenyewe. Matangazo mengi yanaandika "440", jina la chuma kisichoshika kutu upesi, bila herufi inayofuata, na herufi hiyo ndiyo yenye maana, kwa kuwa 440A ina kaboni ya takriban asilimia 0.6 hadi 0.75 ilhali 440C inakaribia au kupita asilimia moja, na tofauti hiyo inaonekana katika jinsi kisu kinavyotunza makali. Visu vingi vya bei ya chini vinatengenezwa kwa chuma cha aina ya 420 au 3Cr13, chenye kaboni ya karibu asilimia 0.3 hivi. Hicho si chuma kiovu. Hakishiki kutu upesi, hakivunjiki ovyo na hunoleka kwa urahisi kwenye kinoo chochote, ila makali yake huisha mapema. Mwenye fedha kidogo anaweza kukinunua akiwa na macho wazi na akaridhika nacho. Kinachoniudhi ni kukiita kitu kingine na kukipandishia bei. Hali ni hiyo hiyo kwa visu vinavyouzwa kama feleji ya Damascus ya kukunjwa na kufuliwa, kumbe yale mawimbi yamechorwa kwa asidi juu ya chuma cha kawaida. Mchoro wa kweli hauishii kwenye uso. Ukisugua sehemu hadi ing'ae kisha ukaigusisha asidi, mawimbi yanarudi.

Kuna pia wauzaji wa madukani katikati ya jiji wanaoleta sumaku mbele ya mteja, wakidai kwamba chuma kisichonaswa na sumaku ndicho kisichoshika kutu na kwa hiyo ndicho bora. Kwa kisu, maelezo hayo yamepinduliwa. Vyuma vya visu vinavyoweza kukazwa kwa moto, yaani kufanywa vigumu kwa kupashwa joto kali kisha kupozwa ghafla, vikiwemo vile visivyoshika kutu, hunaswa na sumaku. Kile kisichonaswa kwa kawaida ni chuma cha vijiko na sufuria, ambacho hakikaziki kwa moto hata kidogo. Ukionyeshwa kisu cha porini ambacho sumaku haikigusi, kirudishe kaunta na uondoke. Afadhali kubeba tupa ndogo na kuomba ruhusa ya kuipitisha mara moja kwenye ukingo wa mgongo: ikiuma na kula chuma kama inavyokula msumari, hakikukazwa, ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, angalau moto ulifanya kazi yake. Muuzaji anayekataa jaribio hilo kwenye sehemu isiyoonekana amekwisha kukujibu.

Kuhusu meno ya msumeno mgongoni sitasema mengi. Hayakati mti, yanatafuna gogo unalotumia kugongea, na yanakuongezea bei.

Msinielewe kwamba nadai kila kisu kiwe na chuma kinachofika kwenye kitako. Visu vya Morakniv, kutoka mji wa Mora nchini Uswidi, ambako historia ya kampuni hiyo inaanzia 1891, ni mfano mzuri wa uaminifu ninaoutaka. Aina yao ya Companion ina msuka usiofika mwisho wa mpini, na hakuna anayeficha jambo hilo. Ile iitwayo Companion Heavy Duty ina chuma chenye unene wa milimita 3.2 na urefu wa karibu sentimita 10, na watu wengi huitumia kwa kazi nzito kwa miaka. Mnunuzi anajua anachopata na anakitumia kulingana na uwezo wake. Tatizo letu ni kwamba kisu ambacho huko kwao ni cha bei nafuu kikifika hapa kinakuwa kimeongezewa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na juu yake faida ya anayekileta. Ndiyo maana wengi tunaangukia mikononi mwa wauza picha.

Kwa mwenye bajeti ya shilingi 3,000, njia ninayoiamini zaidi kwa sasa ni mafundi wa jua kali, hasa Kamukunji na Gikomba, wanaofua kisu kutoka springi ya lori. Sime za Wamaasai zimekuwa zikifuliwa kwa springi hizo hizo kwa muda mrefu, na hakuna aliyehitaji dira kwenye mpini ili aziamini. Chuma cha springi kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kinavumilia kugongwa na kupindwa, na fundi anakukatia ubapa na msuka kutoka kipande kimoja huku ukiangalia kwa macho yako. Hapo ndipo ninaposhangaa kwamba mtu anayefanya kazi juani, bila tovuti wala picha za kupendeza, anauza kitu kinachokaguliwa waziwazi, ilhali duka lenye nembo ya kuvutia linauza gundi ndani ya plastiki.

Hata hivyo, na kwa mafundi nina malalamiko. Wengi hukifua chuma vizuri na kukizimisha ndani ya mafuta kama inavyotakiwa, halafu wanakiharibu kwenye jiwe la kunolea la umeme kwa haraka ya kumaliza. Angalieni rangi kando ya makali. Ikiwa imegeuka buluu, chuma kimepata joto la karibu nyuzi 300, na mahali hapo ugumu uliohitajika kwenye makali umepungua. Makali yatakunjika kwenye fundo la kwanza la mti. Fundi mwaminifu huchovya kisu ndani ya maji kila baada ya mguso mfupi wa jiwe, na mteja ana haki ya kusimama hapo na kudai hivyo. Vilevile springi iliyochakaa inaweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana kirahisi, kwa hiyo mwambieni fundi aisugue hadi ing'ae kabla hajaanza kuikata. Unene wa milimita 4 unatosha. Wengine huacha 6 kwa kudhani uzito ni uimara, na matokeo yake ni kisu kinachopasua vizuri lakini hakiwezi kukata nyanya. Chuma hicho kinashika kutu, kwa hiyo kipakwe mafuta ya kupikia au ya mashine baada ya kila matumizi, na kisilazwe ndani ya ala ya ngozi kikiwa na unyevu.

Sasa nawageukia wauzaji mliomo humu, kwa sababu najua mmo. Wekeni kwenye kila tangazo unene wa chuma kwa milimita, jina kamili la chuma pamoja na herufi yake, na picha ya msuka kabla mpini haujafungwa. Msipokuwa na picha hiyo kwa sababu mnanunua kwa jumla bila kujua kilichomo ndani, pasueni kisu kimoja katika kila shehena mtuonyeshe. Hasara ya kisu kimoja ni ndogo kuliko ya mtu kukatwa mguu.

Nanyi wanajukwaa mlionunua visu mwaka huu, wekeni hapa picha za vilivyovunjika, zikionyesha sehemu ya ndani ya mpini, pamoja na bei mliyolipa na maneno yaliyokuwa kwenye tangazo. Aliyefuliwa kisu kizuri Gikomba au Kamukunji aeleze alilipa kiasi gani na alimwagiza fundi nini hasa, ili mwingine akienda asianze kubahatisha.