Mrejesho: Kuhakiki majibu ya kompyuta za kujitolea
Niliwauliza namna ya kuhakiki majibu yanayotoka kwenye kompyuta za watu wanaojitolea kuufanyia mradi wetu kazi za hesabu, bila kutuma kila kazi kwa watu wawili ili kulinganisha majibu yao. Nawashukuru kwa dhati mlionielekeza kwenye BOINC, mfumo wa kugawa kazi kwa kompyuta za wanaojitolea uliozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwani utaratibu wake ndio niliouhitaji: kompyuta ambayo majibu yake yamekubalika mfululizo hupewa kazi peke yake, ila mara mojamoja, bila mpangilio unaotabirika, kazi hiyohiyo hutumwa na kwingine ili majibu yalinganishwe. Kilichotuchukua muda zaidi ni desimali. Kompyuta za Windows na za Linux zinaweza kupishana kwenye tarakimu za mwisho na majibu yote mawili yakawa sahihi, kwa hiyo programu yetu ya kulinganisha sasa inavumilia tofauti ndogo badala ya kudai mafaili yafanane kabisa. Muda wa kurudisha kazi nao tumeurefusha, kwa ajili ya wanaozima kompyuta usiku.