Mgahawa wenye vyu ya bahari Dar: tunalipia samaki au tunalipia upepo?

Mtoa mada:
Wadau habari za jioni. Mada hii imezua ugomvi wa wiki nzima kwenye grupu letu la ofisini na mshindi hajapatikana, nikaona niilete huku kwenye vichwa vingi. Kuna mwenzetu anahamia Dodoma, tukaambiwa tutafute sehemu ya kumuagia "yenye vyu", yaani mandhari ya kutazama, basi kila mtu kaja na yake, huyu Masaki, yule juu ya ghorofa Posta, mwingine ufukwe wa Coco, mpaka mhasibu akauliza kwa nini changu yuleyule wa soko la Feri akishavushwa ukuta wa Masaki bei inaruka hivyo na bado anakuja hajakolea chumvi.

Msimamo wangu nauweka wazi kabisa. Aliyejenga ghorofa ishirini akaweka mgahawa juu, ile vyu ni mali yake, bila lile jengo wewe usingesimama pale hewani hata siku moja, kwa hiyo atoze anavyojisikia. Pale Golden Jubilee Towers mtaa wa Ohio ghorofa ya 21 kuliwekwa mgahawa unaozunguka, umeshika uma wako bandari inapita, baadae kidogo unaletewa Kariakoo, halafu Upanga na bahari, hiyo mimi nalipa na wala sinung'uniki maana ni ufundi wa mtu. Ila huyu wa ufukweni katengeneza nini? Bahari kaikuta. Alichojenga ni ukuta, na ule ukuta kazi yake ni kuhakikisha wewe mpita njia hauoni kile ambacho jana ulikuwa unakiona bure.

Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Sasa nendeni mkapime wenyewe, kuna meza wimbi likipiga unapunguziwa pilipili kwenye kachumbari.

Hoja yangu ni kwamba vyu ya ghorofani iuzwe, vyu ya ufukweni isiuzwe, auze chakula na kiti basi, na pembeni aache njia ya watu kupita mpaka majini. Nawasilisha.

Mhudumu mstaafu:
Mkuu unaongea vizuri sana ila inaonekana hujawahi kushika trei. Mimi nimefanya kazi migahawa ya pwani miaka mingi, ngoja nikupe upande wa jikoni. Wanakuja wawili saa kumi jioni, wanataka meza ya mbele kabisa ile inayogusa maji, wanaagiza juisi moja ya pasheni na mirija miwili, wanatoa taa yao ya selfi na kistendi, nguo wanabadilishia chooni, na hapo hawatoki mpaka saa moja usiku jua limezama na picha zimepatikana. Familia ya watu sita iliyokuja kula inasubiri mlangoni na watoto wanalia. Utamlaumu meneja akiweka kima cha chini cha kutumia kwa ile meza? Sisi pale hatuuzi samaki bwana, tunauza kukaa.

Na gharama mnazichukulia poa. Chumvi ya bahari inakula kila kitu, kompresa ya friji inaoza, viti vya chuma vinatoa kutu mpaka vinachafua nguo za wateja, spika hazimalizi mwaka. Kodi za pango Masaki miaka yote zilikuwa zinahesabiwa kwa dola mpaka kanuni za Machi 2025 zilipokataza kutoza kwa fedha za kigeni. Hayo yote yako kwenye sahani yako, usitafute mchawi.

Mtoa mada:
Mhudumu sijakataa kiti kulipiwa, soma tena. Tena kima cha chini mimi naona ni haki kuliko kujificha kwenye samaki. Ninachokataa ni kwamba nisipokaa kwako nisione bahari kabisa. Na tusijidanganye kuhusu chakula, kuna sehemu moja siitaji jina, meza "ya baharini" niliyobuk kwa simu ilikuwa nyuma ya nguzo jirani na mlango wa choo, chipsi zimekuja za baridi zimelala, nikauliza nikajibiwa "kaka leo upepo mkali zinapoa njiani". Jikoni na meza yangu hata hatua ishirini hazifiki.

Nahodha:
Nyote mnabishana bei na hamna hata mmoja aliyeuliza bahari yenyewe inaangalia wapi. Dar pwani yake inatazama mashariki jamani. Kila wiki naona watu wamekaa Coco jioni wanasubiri jua lizame baharini, linazama mgongoni kwao kwenye mageti ya Oysterbay huko, halafu wanaandika "sunset" kwenye picha ya maji ya kijivu. Ukitaka jua likizama juu ya maji nenda upande wa pili wa rasi, ghuba ya Msasani, kule Slipway, pale unatazama magharibi na boti zimetia nanga mbele yako. Coco nenda alfajiri, au nenda usiku wa mwezi mpevu, unatoka majini mwekundu kama sinia la shaba jua likiwa linazama nyuma yako, hiyo huipati Slipway hata ulipe nini.

Halafu maji. Bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji hujaa mida ya saa kumi, saa kumi na moja jioni, na asubuhi saa nne na kitu yanakuwa yametoka kabisa, tofauti yake inapita mita tatu. Kwa hiyo ukimpeleka mtu ghubani Jumapili saa tano asubuhi siku ya bamvua utamuonyesha matope, majani na mitumbwi imelala ubavu, na bili itakuja ileile. Maji mafu ni kinyume, jioni ndio yametoka, ila hayaendi mbali.

Na upepo pia. Kusi toka Aprili hivi hadi Septemba linapiga Coco moja kwa moja, unakula na mchanga. Miezi ya kaskazi ndio ghuba nayo inapata misukosuko. Hayo yote ni bure kuyajua na yana maana kuliko nyota za watu mtandaoni.

Mtoa mada:
Nahodha Mungu akuzidishie. Hii ndio michango tunayoitaka.

Dada wa Mbezi:
Naomba niwe mbaya kidogo. Nyie wanaume mnaongea ufukwe wazi ufukwe wazi kwa sababu nyie mnaweza kukaa juu ya jiwe Coco saa mbili usiku na mishikaki yenu na muhogo wa kukaanga na mambo yakaisha. Mimi na mabinti zangu wawili hatuwezi. Choo kiko wapi? Taa ziko ngapi? Pochi naiweka wapi wakati nawamenyea watoto samaki? Ule ukuta unaoulaani mimi naulipia, na mlinzi aliyesimama getini namlipia, na nikiingia nashusha pumzi. Kwangu hiyo ndio vyu. Msinifanye nionekane mshamba wa kujionyesha, nanunua usalama ambao manispaa haijanipa.

Mtoa mada:
Dada umegonga penyewe, ila angalia ulichosema mwisho, "manispaa haijanipa". Choo na taa ni kazi ya manispaa, na tunatoa ushuru kwa ajili hiyo. Zikikosekana tukasema basi tujenge ukuta, kesho itakosekana barabara tutasema tujenge geti. Coco ile imeshagombewa mpaka mahakamani na bado iko wazi, wauza mihogo wapo, watoto wa Mwananyamala na Manzese Jumapili wanaogelea, hiyo ni hazina ya jiji zima. Sasa ukifungia ukanda wote kwa sababu ya choo, yule mtoto wa Manzese bahari ataionea wapi?

Mpwani wa Mombasa:
Jamani hebu tazameni na huku kwetu. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina ilifanyiwa ukarabati mkubwa 2019, na sasa mtu waingia, wakaa ukutani na madafu yako na mihogo ya pilipili na ndimu, meli ya makontena yapita pale mlangoni ikienda bandari ya Kilindini, karibu hata jina lake walisoma. Hakuna hoteli itakayokupa hiyo. Wenye hoteli zao Nyali wanaendelea kuuza na hawajafa njaa, kwa hivyo hii hofu kwamba ufukwe ukiwa wazi biashara zitakufa mimi siioni.

Mtu wa Unguja:
Na Forodhani je? Bustani ilitengenezwa upya 2009, jioni jua linazama baharini mbele yako, vijana wanaruka majini pale ukutani watu wanashangilia, unakunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, kiingilio hakuna. Ila tusiwapambe sana wale wauzaji, mishikaki ya pweza bei anaitaja baada ya kukutazama viatu, ulizeni bei kabla hamjatia mdomoni. Vyu bure lakini mjinga ana kodi yake.

Niko Dubai:
Hii ya Unguja ndio hoja yangu. Huku kuna mgahawa Burj Khalifa ghorofa ya 122, mita 442 juu, na hapa mjini meza ya dirishani na meza ya ndani mara nyingi hazina bei moja, lakini unaambiwa kabla hujabuk, ukikubali umekubali. Na vumbi likitanda unaona ukungu wa kijivu tu na hela hairudi, hilo nalo ulijue. Lakini sikieni, huku huku kwa matajiri Kite Beach unaingia bure na taulo lako, vyoo vipo, taa zipo. Kwa hiyo anayesema haiwezekani aseme tu hataki. Tatizo la Dar naona ni kutoza kwa kificho, andikeni kwenye menyu "meza ya mbele, kiasi hiki", tumalize.

Mla kitimoto:
Mnaagana au mnapima viwanja? Mpelekeni mtu wenu Sinza, kilo mbili, ndizi za kukaanga, vyu ya bodaboda. Kule Dodoma bahari haipo ataanza kuzoea mapema.

Mkazi wa Kigamboni:
Na sisi mmetusahau kama kawaida yenu. Ghorofa zote hizo mnazopanda mnazilipia, na ukiwa juu yake ndio hauzioni tena. Vyu ya Dar iko huku ng'ambo, unapanda kivuko mia mbili yako, unasimama upande unaotazama mjini, jua linazama nyuma ya majengo ya Posta, taa zinaanza kuwaka moja moja, mnara wa kanisa la Azania Front pale chini umezungukwa na vioo. Kama miguu inakubali tembea Daraja la Tanzanite, lile la 2022, kilomita moja tu juu ya maji na njia ya waenda kwa miguu ipo. Kula utakula ukifika nyumbani.

Mhudumu mstaafu:
Kivuko? Saa kumi na mbili jioni umesukumwa mpaka kiatu kimetoka utaangalia jua saa ngapi wewe. Mtoa mada narudi kwako, hiyo njia ya kupita mpaka majini unayoitaka pembeni ya kila mgahawa, nani atailinda na nani atazoa chupa asubuhi? Maana mwenye mgahawa ndio anazizoa saa hizi.

Mtoa mada:
Aendelee kuzizoa, na apunguziwe ushuru kwa kazi hiyo, iandikwe kwenye leseni yake: njia ya mita mbili, taa mbili, pipa moja. Bei ya kiti aitundike getini kama alivyosema wa Dubai. Akikataa, tunarudi kwenye mita 60 na tunapima kwa futi kamba.

Dada wa Mbezi:
Na choo. Mmerudi kusahau choo.