MJADALA: Chembe-nano za kansa, au majibu ya kinyama kwanza?

Wana Tanga, jana kijiweni Barabara ya Nane tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Kijana mmoja anataka serikali itie pesa kwenye chembe-nano, vichembe vinavyobeba dawa ya kansa na kuifungulia penye uvimbe tu. Nilimpinga: kwanza tuharakishe majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kinachokatwa na kupimwa maabara kujua kama ni kansa. Naleta hapa, nipingeni na nyie.

Sayansi yenyewe siikatai. Nilimsindikiza mama mdogo Dar, akatundikiwa ile dripu nyekundu, doksorubisini. Jioni akatoka chooni anatetemeka: "Mwanangu, nakojoa damu!" Kumbe rangi ya dawa. Wiki chache baadaye nywele zikawa zinakuja na chanuo. Dawa ile inapita mwili mzima, hata moyo inaweza kuudhuru. Anayetaka ijue mlango wa kubisha hodi namwelewa.

Na mlango upo. Damu ina pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) ya 7.4 hivi, uvimbe mwingi una uchachu zaidi, kama 6.5 hadi 6.9, basi ganda la chembe linaundwa lifunguke kwenye uchachu huo. Mengine yanangoja joto. Doxil, doksorubisini hiyohiyo ndani ya vifuko vya mafuta, iliruhusiwa Marekani 1995 na moyo inausumbua kidogo kuliko ile dripu, ila yenyewe haingoji uchachu wala joto. ThermoDox ndiyo ya joto, inaachia dawa kwenye nyuzi 40 hivi. Jaribio lake kubwa la kansa ya ini likagonga mwamba 2013. Na watafiti waliopitia tafiti za wanyama za miaka kumi walikuta, 2016, ni kama asilimia 0.7 tu ya chembe inayofika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu.

Sasa mama mdogo alikaa miezi minne akisubiri majibu ya kinyama. Chembe gani ingemfuata huko?

Jibu, kutoka Korogwe: Kaka, hapa kwetu na Bagamoyo chanjo ya malaria ya RTS,S iliingia kwenye jaribio lake kubwa la mwisho kuanzia 2009. Tungengoja kila nyumba ipate chandarua kwanza, ingejaribiwa lini?

Mleta mada: Hapo umenibana, ndugu yangu. Lakini malaria mliipima kwa tone la damu, palepale. Kansa bila kinyama utamwingiza nani kwenye jaribio? Kijana wetu apewe maabara ya kusoma vinyama, hizo nano zake zitamkuta humohumo.