Waliofiwa na rafiki wa dini au taifa lingine wakiwa watoto, tupeane uzoefu

Mama Kisutu: Wapendwa, mwaka jana binti yangu wa miaka 9 alifiwa na shoga yake wa ghorofa ya juu, mtoto wa Kihindi, walikuwa wanacheza kombolela kwenye ngazi mpaka adhana ya magharibi. Homa siku tatu tu, ya nne hayupo. Jirani, mtu mzima kabisa, akamwambia yule si wa dini yetu, pepo hataiona. Mwanangu akagoma kula.

Nikaanza kumsomea riwaya ya Bridge to Terabithia ya Katherine Paterson, ya 1977, nasoma huku namtafsiria. Jess, mvulana wa kijijini kule Virginia, Marekani, anashibana na Leslie, binti mgeni wa kutoka mjini, kwao hata tivii hawana basi watu wanawasema weee. Leslie anakufa kamba yao ya kuvukia kijito ikikatika, na siku hiyo Jess alienda Washington na mwalimu wala hakumwalika, hicho ndo kinamtafuna. Tulipofika pale anamuuliza baba yake kama Leslie ataenda motoni maana Biblia alikuwa haiamini, na baba anamwambia asiwe mjinga, Mungu hawapeleki watoto wa kike motoni, binti yangu akanibana mkono, "mama rudia hapo". Nilirudia mara tatu. Asubuhi akaomba chapati.

Mwl wa Tanga: Paterson aliyajua hayo kwake, rafiki wa mtoto wake alipigwa na radi 1974 akafa, kabinti ka miaka 8. Ndo maana Jess hafundishwi kulia, anaachwa tu akasirike mpaka anatupa mtoni rangi alizopewa na Leslie.

Kaka wa Kasulu: Mi rafiki yangu alikuwa Mrundi wa kambini, tulijuana sokoni mama zetu wakiuza maharage, mpira wetu wa makaratasi tulifunga kwa kamba ya mgomba. Nyumbani walikuwa wanasema wakimbizi wezi. Alipokufa nilipata habari baada ya wiki mbili, tena juu juu, mtu anapiga stori zingine. Sikulia, wangeniuliza namlilia mkimbizi wa nini. Miaka 20 hii hakuna aliyewahi kunipa pole, jina lake mke wangu kalisikia leo baada ya mimi kusoma hapa.

Mama Kisutu: Pole sana kaka. Pole kwa kufiwa.