Mjadala: Je, mkopo wa halmashauri uende kwa lebo ya rege ya kiroho?

Mkazi wa Mwanga
Ndugu zangu wa Kigoma, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Wapo wanamuziki hapa Ujiji walioungana wakaanzisha lebo yao wenyewe, isiyo na bosi wala mfadhili, na wamejiwekea sharti kwamba watarekodi rege yenye ujumbe wa kiroho peke yake. Sasa wanakusudia kuomba mkopo usio na riba, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, katika asilimia 4 iliyotengwa kwa vijana, ili wanunue vifaa vya studio. Je, ni sawa fedha ya umma ikopeshwe kwa lebo ambayo kazi yake ni kueneza imani fulani?

Mfanyabiashara wa Kibirizi
Napinga, na sababu yangu si dini. Kikundi kilichonunua injini ya mtumbwi au mashine ya kukamulia mawese kikishindwa kulipa, mali ipo na inakamatika. Wimbo utaukamatia wapi? Malipo ya mitandaoni ni ya senti, wasikilizaji wa rege ni wachache, na tarehe ya rejesho haimsubiri mtu apate umaarufu. Halafu tusidanganyane, studio za namna hii huishia kuwa vijiwe vya bangi.

Rasta wa Gungu
Mzee wa Kibirizi, nimekusoma kwa heshima hadi ulipofika kwenye sentensi yako ya mwisho, ambayo ndiyo uliyotaka kuisema tangu mwanzo. Nimefuga dredi ujana wangu wote na sijawahi kuvuta hata sigara. Hicho unachokiita kijiwe ni chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, na mlangoni wameandika kwa chaki kwamba viatu vivuliwe nje na moshi wa aina yoyote ni marufuku, kwa kuwa moshi na vumbi huharibu maikrofoni. Waliokopeshwa fedha za dagaa, nani aliwahi kuwauliza wanavuta nini huko ziwani usiku?

Mfanyabiashara wa Kibirizi
Wavuvi wamekuingiliaje? Nimeuliza habari ya marejesho, nimejibiwa habari ya viatu.

Mwalimu Mstaafu
Suala la bangi lina sheria yake, tuliache huko. Mleta mada amegusa imani, na hapo Katiba yetu iko wazi: ibara ya 19 inaifanya kazi ya kutangaza dini kuwa hiari ya mtu binafsi na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini rege ya kiroho si jumuiya ya dini. Ni kweli kwamba Urastafari, yaani imani ya marasta, ulizaliwa Jamaika baada ya Haile Selassie kutawazwa mwaka 1930, na rege ikaubeba ujumbe huo duniani kote. Hata hivyo marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba aliimba rege kwa Kiswahili na watu wa kila dini wakaipokea, sijasikia aliyebadili dini kwa sababu yake. Wapo vijana wa Kiislamu hapahapa Ujiji wanaoimba rege ya kumcha Mungu na Ijumaa wako msikitini. Nina hakika kwamba kama mwombaji angekuwa kwaya, hakuna ambaye angefungua mjadala.

Mwanakwaya wa Katubuka
Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima yako yote, kwaya imeingiaje hapa? Sisi tulirekodi kwa michango yetu na kwa harambee, hatukugusa shilingi ya halmashauri. Mtu anapotaka kuhalalisha lake, asitutumie sisi kama ngao.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Sikusema kwamba mlikopa. Nilisema hakuna ambaye angewauliza.

Mwanakwaya wa Katubuka
Tungeulizwa, Mwalimu, tena na waumini wenyewe, na hesabu ingesomwa mbele ya kanisa zima. Lebo hiyo hesabu zake zinasomwa wapi?

Binti wa Katonga
Afadhali dada ameuliza. Mimi ni mwitikiaji, nimealikwa kujiunga na lebo hiyo na fomu yao ninayo mezani. Kifungu kimoja kinasema kwamba rekodi zote zitabaki kuwa mali ya lebo daima, hata msanii akiondoka. Tunaambiwa hii ni lebo ya wasanii waliokimbia mabosi, kumbe bosi amebadilishwa jina tu. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini mtunzi wa wimbo ana haki zake na mwenye rekodi ana zake, na hapo ndipo wengi wetu tunapopigwa.

Rasta wa Gungu
Dada yangu, hicho kifungu kimewekwa ili lebo isife pale mtu mmoja anapopata jina na kukimbilia Dar es Salaam. The Wailers, kundi la Bob Marley, walichoka kurekodia watu, wakaanzisha lebo yao ya kwanza mwaka 1966, ikafa mapema. Wakaanzisha Tuff Gong mwaka 1970, na hiyo ipo hadi leo. Burning Spear, mwimbaji mwingine wa rege wa Jamaika, naye alianzia kwenye lebo ya Studio One na baadaye akawa na lebo yake. Bila umoja tutabaki kuimba kwenye harusi.

Binti wa Katonga
Hiyo Tuff Gong ilihitaji kampuni ya muziki ya Island Records ya London ili ifike duniani, kaka. Na Bob Marley alipofariki mwaka 1981 hakuacha wosia, kesi za mali yake zikaenda kwa miaka mingi. Kama kwake iligombaniwa hivyo, mimi wa Katonga nitamshitaki nani? Harusi nazo usizibeze, ndizo zinazonilipa.

Mfanyabiashara wa Kibirizi
Sasa mambo yanaanza kueleweka. Kumbe wimbo ni mali, una mwenyewe, na lebo imejiandikia kwamba mwenyewe ni yeye. Basi lebo ikishindwa kulipa, halmashauri itakamata sauti ya huyu binti, ilhali walionunua spika wapo.

Rasta wa Gungu
Mzee, hakuna aliyesema sauti itawekwa dhamana.

Binti wa Katonga
Hakuna aliyesema haitawekwa. Kifungu kiondolewe kwanza, nitasaini.