Mrejesho: realpath() na faili ambalo bado halijaundwa

Wakuu, niliuliza kwa nini realpath(), kitendakazi cha C, inarudisha NULL (yaani imeshindwa) ninapotafuta njia kamili ya faili ambalo programu yangu ya C ndiyo itakayoliunda. Tatizo limekwisha, asanteni sana. errno, yaani namba ya kosa, ilikuwa ENOENT (faili au saraka haipo): realpath() hupita njia yote kipande kwa kipande ikifuata viungo (symlink, majina yanayoelekeza kwenye faili au saraka nyingine), kwa hiyo kila kipande lazima kiwepo. Sasa natenga jina la faili, naipa realpath() saraka mama peke yake, kisha naunganisha jina mwishoni. Msifute ".." (saraka ya juu) kwenye njia kwa kukata maandishi tu, tafadhali! Saraka iliyotangulia ikiwa ni kiungo, mtaishia kwingine kabisa. Kwenye hoja ya pili ya realpath(), yaani bafa ya kupokea jibu, naweka NULL ili itenge kumbukumbu yenyewe, jambo ambalo kiwango cha POSIX cha 2008 kinaruhusu, halafu naita free() kuiachilia. Bafa yangu ya zamani yenye ukubwa wa PATH_MAX (kikomo cha urefu wa njia) nimeiondoa.